Mahari Yangu Ni Ile Santuri

Ami Zein aliuliza swali lake kwa upole, kama ada inavyotaka, wala hakutarajia jibu la kumfanya aweke kikombe chini.

"Mwanangu Swabaha, watu wa Jefwa wameleta posa na sisi tumeridhika nao. Lililobaki ni lako peke yako. Mahari wataka nini?"

Bi Shekuwe, mamake Swabaha, alikwisha kulijibu swali hilo moyoni mwake zamani. Ilikuwa ni seti ya dhahabu, ya shingoni, masikioni na mikononi, kama walivyopewa mabinti wote wa mlango wao tangu yeye azaliwe. Hata sonara alikwisha kumchagua. Kwa hivyo alikuwa akijimiminia kahawa bila wasiwasi wowote, na Swabaha ameketi mbele yao, mtandio begani, vidole vyake vyembamba vimefumbatana mapajani. Kutwa vidole hivyo hushika meno ya watu kliniki kule Kizingo na havitetemeki.

"Nataka ile santuri yake, Ami."

"Santuri ipi?"

"Ile aliyoiunda mwenyewe. Ya kuchezea rekodi."

Hapo ndipo kikombe kilipowekwa chini. Bi Shekuwe alimtazama bintiye, akamtazama shemejiye, kisha akamtazama bintiye tena.

"Huyu mtoto kapatwa na nini leo," alisema. "Zein, wamsikia? Daktari mzima wa meno, watu wapanga foleni kumngojea, aulizwa mahari ataka sanduku la nyimbo."

"Mama, mahari ni haki yangu mimi. Ndivyo tulivyofunzwa chuoni, kwenye Kurani."

"Ulifunzwa na mengine chuoni. Ulifunzwa na kumsikiliza mamako."

Ami Zein aliinua mkono na shemejiye akanyamaza. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Tangu ndugu yake afariki yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba katika nyumba hii ya Kibokoni, na jambo hilo hakulifanyia mzaha hata siku moja.

"Haki ni yako, mwanangu, sibishi. Mali ni mali. Lakini nisaidie jambo moja. Hiyo santuri iko kwa Jefwa. Mukishaoana, wewe utahamia kwa Jefwa. Basi itatoka kwake iende wapi? Itarudi pale pale. Mume abaki na mali yake, na mke ahesabiwe kapata. Watu watasema binti wa ndugu yangu kaolewa bure."

Maneno ya ami yake yalikuwa ya kweli, na Swabaha hakuwa ameyafikiria.

"Itakuwa yangu," alisema mwishowe.

"Kwa jina."

"Kwa kweli, Ami. Yangu ya kuishika, kuiwasha, kuizima, kumkataza mtu asiiguse."

"Wajua hata inavyowashwa?"

"Nitajua."

Ami Zein alizichana ndevu zake kwa vidole, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayedhani amepata njia ya kumrudisha mtoto kwenye akili zake. "Basi tufanye hivi. Jumapili baada ya Alasiri iletwe hapa, imefunguliwa vipande vipande. Uiunge wewe mwenyewe. Jefwa awepo, lakini asiiguse wala asitamke neno. Ikiimba, nitakubali kuwa ni mali yako na si yake, na nitakuoza kwa hiyo. Isipoimba, turudi kwenye dhahabu."

"Dhahabu siitaki."

"Swabaha," alisema mamake.

"Siitaki, Mama. Ikiwa si santuri, sina mahari ninayoitaka."

Tabasamu la Ami Zein likaondoka. "Bila mahari hakuna ndoa, mwanangu. Wajua unalolisema? Isipoimba Jumapili, mimi nitairudisha posa ya watu."

Akili ilimwambia anyamaze, arudi nyuma, aombe siku mbili za kufikiri. Lakini Swabaha alikuwa na ukaidi wa marehemu babake, na ukaidi ule ulishatangulia mdomoni.

"Nimekubali," alisema.

Usiku ule hakupata lepe la usingizi. Alikuwa ameliweka penzi lake lote juu ya chombo ambacho hajawahi hata kukifuta vumbi.

*

Jefwa alikuwa mhandisi wa kreni bandarini, kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, Muislamu tangu enzi za babu yake. Alipanga orofa ya juu ya nyumba kongwe, vichochoro viwili vitatu kutoka kwa kina Swabaha, pamoja na dadake Dama aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Swabaha alipofika kesho yake alasiri, Dama aliuacha mlango wazi kama inavyopasa, akajitandazia madaftari ya wanafunzi wake mezani. Alikuwa na macho ya mtu asiyekusudia kusahihisha hata moja.

Jefwa alikuwa amesimama dirishani. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Mji wa Kale hauna siri ya kulala nayo.

"Swabaha, kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Jefwa alitaka kucheka, akajizuia. Alimtazama kwa yale macho yake ya polepole, macho ambayo Swabaha alikuwa akiyawaza hata akiwa katikati ya kumziba mtu jino. Leo macho hayo yalikuwa na huzuni, na huzuni hiyo ilimkata maini.

"Ami yako ataka dhahabu," alisema. "Nami nilikuwa na njia ya kuipata."

"Naijua njia yako. Yule bwana wa Nyali anayetaka kuinunua santuri. Dama kaniambia."

Dama aliinamia daftari la karibu na kulisahihisha kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Nilikuwa radhi," Jefwa alisema. "Ile ni mbao na shaba. Wewe ni wewe."

"Mimi sikuwa radhi. Dhahabu nitaivaa harusi mbili tatu za watu, kisha ilale kabatini. Na wewe utakuwa warudi kutoka bandarini, waketi pale, watazama ukuta mtupu. Nikikuuliza utasema hakuna neno. Kila siku hakuna neno. Sitaki kuishi na mtu aniambiaye hakuna neno, nami najua ni mimi niliyemtia kidonda."

Machozi yalimlenga. Jefwa alipiga hatua moja kuja kwake, akakumbuka mlango uko wazi na dada yuko mezani, akasimama. Baina yao palikuwa na mkeka mmoja tu, na mkeka ule siku hiyo ulionekana mpana mno.

"Usilie, mpenzi," alisema kwa sauti ya chini. "Ikiwa ni mahari yako, itakuwa yako kweli. Ukiniambia nisiiguse, sitaigusa."

"Nitakwambia."

"Utaniambia?"

"Siku nikikasirika."

Hapo alicheka, na Swabaha akacheka na machozi yake, na Dama akasema, "Alhamdulillahi, sasa naweza kusahihisha." Wala hakusahihisha.

Santuri yenyewe ilikuwa ukutani, juu ya bamba la jiwe lililopandwa ndani ya ukuta wa matumbawe. Swabaha aliisogelea kama siku ile ya kwanza, pumzi juu juu. Siku hiyo ya kwanza alikuja kumletea Dama dawa ya jino. Alipofika ngazini alisikia mwanamke akiimba ndani, sauti laini, ya karibu, na nyuma yake udi ukipigwa taratibu. Akavua viatu, akasimama mlangoni kwa adabu, akingoja mgeni wa watu amalize wimbo wake asije akamkatiza. Alingoja hadi mwisho. Mlango ulipofunguliwa hakukuwa na mgeni. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye macho ya polepole, na rekodi kongwe ikizunguka juu ya duara la shaba. Swabaha alibaki kizingitini, viatu mkononi, hajui aanze kumstaajabia nani.

"Nifunze," alimwambia sasa. "Mwanzo hadi mwisho. Kwa nini duara zito hivi?"

"Lishike."

Alilishika. Lilikuwa baridi, na zito kupita alivyodhani.

"Ilikuwa rafadha ya tagi, ile mashua ya kuvutia meli, pangaboi yake ya chini ya maji. Tagi ilikatwa vyuma kule Mbaraki, nikaiomba, nikaipeleka ikakerezwa. Kitu kizito kikishaanza kuzunguka hakibabaiki. Umeme wetu huu wapanda washuka, mota yaweza kusita kidogo, lakini duara halina habari. Na uzito wote huo umesimama juu ya gololi moja, ndani ya tone la mafuta. Mafuta ni kazi ya mwenyewe. Ukiyasahau, chuma kitaila shaba."

"Na mota mbona umeiweka kando?"

"Mota yatetemeka. Hata iwe ya bei gani, yatetemeka. Wengine huifunga chini ya duara moja kwa moja, na ina sifa yake, haichelewi kuanza na haipotezi mwendo. Nilijaribu. Nikasikia mngurumo chini ya wimbo, mdogo sana, lakini nikishausikia sikuweza tena kuacha kuusikia. Nikaitenga. Iko karibu na haigusi. Kinachoziunganisha ni huu mkanda tu."

"Kama nyinyi wawili," Dama alisema bila kuinua kichwa, "na mkanda ni mimi."

Wakainamisha nyuso wote wawili. Jefwa alikohoa, akaendelea. Mkono wa sindano ameufanya mrefu kuliko ilivyo kawaida, ili sindano ipite katika mfereji wa rekodi bila kuelemea upande, ingawa urefu huo wataka nafasi kubwa. Kifuniko hakuweka, maana kifuniko hudaka sauti, kwa hivyo vumbi nalo ni kazi ya mwenyewe. Na hewa ya chumvi ya Mombasa ni adui wa kila waya, hazipiti wiki hazijafutwa.

"Na wimbo ukisha, mkono wajiinua?"

"Haujiinui. Ningeweza kuufanya ujiinue, lakini hivyo ni vyuma vingine ndani, navyo vina kelele zao. Nilichagua uinuliwe na mtu. Huwezi kuweka rekodi ukaenda zako sokoni. Lazima ukae nayo."

Swabaha alitoa mkobani miwani yake ya kukuzia, ile anayovaa akichimba jino, akainamia sindano. Zana zake za kliniki zina almasi pia, lakini zile ni za kukwaruza, ngumu na za haraka. Hii ilikuwa nukta. Nukta moja ya almasi kwenye ncha ya kijiti chembamba kiasi cha kuogopa kukipumulia. Kutoka nukta hiyo ndiko alikotokea yule mwanamke, na udi wake, na pumzi zake.

"Subhanallah," alisema polepole. "Yote yapita hapa?"

"Yote. Ukiulemeza mno mkono, almasi itaila rekodi. Ukiufanya mwepesi mno, sindano itarukaruka na kuikwaruza zaidi. Uzito wake haufiki hata wa nusu ya karatasi. Na ikivunjika, hapa haina fundi. Hupelekwa ng'ambo, ukangoja."

Aliinua uso. Jefwa alikuwa hatazami sindano. Alikuwa akimtazama yeye, kwa ule mshangao aliokuwa nao yeye mwenyewe sasa hivi juu ya almasi. Swabaha alisahau swali lililofuata.

"Sikiliza," Jefwa alisema, amekuwa makini ghafla. "Kubwa kuliko yote ni mahali. Nyumba zetu orofa zake ni boriti. Mtu akitembea hapa, kabati lagonga kule, na sindano yaruka. Usiiweke mezani. Iweke ukutani."

Swabaha akajua mara moja ni ukuta gani nyumbani kwao, na moyo ukamshuka. Ukuta ule ulikuwa na shubaka moja pana, lililochongwa ndani ya jiwe, lakini shubaka hilo lilikuwa na mwenyewe.

"Sahani za kaure za bibi yangu," Bi Shekuwe alimjibu jioni hiyo alipoliomba shubaka, "zimekaa pale tangu sijazaliwa. Hazikuteremka kwa harusi, hazikuteremka kwa msiba. Haziteremki kwa nyimbo. Meza ile pale."

*

Jumapili baada ya Alasiri, Jefwa alikuja na duara la shaba kifuani, limefungwa blanketi, na jasho limemlowesha kanzu. Dama alifuata na kisanduku cha mkono wa sindano, akitembea hatua za bi harusi. Waliamkiana na wenyeji kwa salamu ndefu. Kisha Ami Zein akamwonyesha Jefwa kiti kilichokuwa mbali kabisa na meza.

"Utakaa pale, bwana Jefwa. Mikono nyuma, mdomo umefungwa. Nadhani umeelezwa."

"Nimeelezwa, mzee."

"Basi hilo liwe neno lako la mwisho."

Swabaha alivaa miwani yake, akapandisha mikono ya dera. Aliulaza msingi wa mvule juu ya meza, akaweka pima maji, akachomeka vipande vya karatasi chini ya mguu mmoja hadi kiputo cha pima kikasimama katikati. Alitia tone la mafuta. Aliteremsha duara kwenye gololi yake pole pole, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, na halikutoa hata mlio. Akaifunga mota kando, akazungusha mkanda. Alipofika kwenye mkono wa sindano, chumba kizima kilikuwa hakipumui. Aliupima kwa kimizani, akarudisha uzani nyuma kidogo, akaupima tena.

Hata Bi Shekuwe, aliyekuwa amekusudia kununa mpaka magharibi, alijikuta amesogea mbele. Alikuwa hajapata kumwona bintiye kazini. Aliziona zile ncha za vidole zikienda zinapotaka na kusimama zinapotaka.

Swabaha aliweka rekodi, akawasha, akainua mkono, akauteremsha.

Sauti ilitoka. Mwanamke akavuta neno la kwanza, neno la pili, na papo hapo sindano ikaruka, kwaa, ikaenda mbele. Akauinua. Akarudia. Wimbo ukatembea kidogo, mtu akapita chumba cha nyuma, ikaruka tena. Ami Zein alijigeuza kwenye kiti chake, boriti zikalia, ikaruka mara ya tatu.

"Ami," Swabaha alisema, shingo imemlowa, "nakuomba radhi, tafadhali utulie."

Ami Zein, ambaye hapana mtu aliyemwambia atulie tangu alipokuwa mtoto, alitulia kama maji mtungini. Haikusaidia. Nyumba ilikuwa na watu chini na jirani ubavuni, na kila mtu alikuwa na miguu yake.

Swabaha aliinua macho kumtafuta Jefwa. Ishara ndogo tu ingetosha, kope, kidole, afanye lolote. Jefwa alikuwa amegeuza uso dirishani. Amegeuza kwa makusudi, asije akamsaidia kwa jicho na kuivunja ahadi aliyoitoa kwa mzee. Shingo yake ilikuwa imekakamaa na mikono yake nyuma imeshikana mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Alikuwa anampoteza, na bado alikuwa anashikamana na neno lake. Swabaha alimkasirikia wakati ule kuliko alivyopata kumkasirikia mtu. Na akampenda kiasi cha kuhisi mbavu zimembana.

"Mwanangu," Ami Zein alisema, na sauti yake haikuwa na furaha, "nafikiri umejitahidi vya kutosha."

"Bado, Ami."

"Nimeona mwenyewe."

"Bado kidogo."

Lakini hakuwa na la kufanya. Alijua inapotakiwa kukaa, na shubaka lile halikuwa lake. Aliinamisha kichwa juu ya meza. Chozi lilimdondoka kwenye mvule, akalifuta upesi kwa mtandio, maana mbao hazitaki maji.

Bi Shekuwe aliliona chozi, na aliuona ule mfuto. Mtoto alikuwa anavunjika moyo, na bado alikuwa anaitunza ile mbao. Aliinuka. Alikwenda ukutani bila kusema neno, akanyosha mkono ndani ya shubaka, akashusha kaure ya kwanza, ile ya maua ya samawati, akaipuliza vumbi. Akageuka, akavuka chumba chote, akasimama mbele ya Jefwa.

"Shika," alisema.

Jefwa alimtazama yeye, akamtazama Ami Zein, mikono ingali nyuma.

"Umekatazwa santuri. Hukukatazwa vyombo vyangu. Shika, baba, nina umri, nisije nikakiangusha."

Jefwa alitoa mikono yake nyuma, mikono inayoongoza kreni za bandari nzima. Akaipokea. Bi Shekuwe akarudi kuleta ya pili, na ya tatu, akimpangia mapajani, moja baada ya nyingine, hata kijana wa watu akawa hawezi kupumua kwa kuogopa. Dama alipotaka kumsaidia, Bi Shekuwe alimkataza kwa jicho. Ami Zein alijisogeza kumpisha.

Shubaka lilipokuwa tupu, Bi Shekuwe alilifuta kwa upindo wa leso yake. "Haya," alimwambia bintiye. "Weka mali yako."

Swabaha alianza upya. Alifungua kila kitu, akakipeleka ukutani, akakiunga tena. Msingi, pima maji, tone la mafuta, duara, mkanda, mkono. Alipoteremsha sindano safari hii alifumba macho.

Kwanza ulikuja ule mchirizo mdogo wa rekodi inayoanza. Kisha udi. Kisha yule mwanamke akavuta pumzi, waliisikia wote, pumzi ya mtu aliye hai anayejiandaa, na akaimba. Hakuimba kutoka kwenye sanduku. Aliimba pale pale, baina ya meza na dirisha, mahali ambapo mtu angeweza kunyosha mkono akamgusa bega. Fidla ikaingia kushoto kwake. Mtu fulani nyuma akaguna kwa kuridhika, siku moja isiyojulikana, miaka mingi iliyopita, na guno lake likawafikia.

"Kavaa bangili," Bi Shekuwe alinong'ona. "Zein, wasikia? Mkono akiutikisa, bangili zalia."

Ami Zein alikuwa amevua kofia bila kujijua, ameishika kwa mikono miwili. Chini mlango uligongwa, mtu akapanda ngazi, boriti zikaitikia kila hatua, na mwanamke yule akaendelea kuimba, hana habari nao.

Swabaha alikuwa ameweka kiganja ukutani, kando ya shubaka, kuliko na baridi na utulivu. Hakuwa na nguvu ya kutabasamu. Kitu hicho kikubwa hivyo kilikuwa kinatoka kwenye nukta ile ya almasi, na vidole vyake ndivyo vilivyoiweka. Aligeuka. Jefwa alikuwa amezungukwa na kaure, hawezi kuinuka, hawezi kufuta machozi yaliyokuwa yakimchuruzika hadharani, na alikuwa akimtazama.

"Swabaha," Ami Zein alisema taratibu, kama anayezungumza msikitini. "Nakuuliza mbele ya mamako. Umeridhia kuozwa Jefwa kwa mahari hii?"

Alitaka kujibu. Siku zote alikuwa na jibu. Lakini mwanamke yule alikuwa amefika mahali pa juu kabisa pa wimbo wake, na Jefwa alikuwa akimtazama. Hakusema neno. Alibaki amesimama, kiganja ukutani, midomo imefunguka kidogo.

Ami Zein alingoja. Akamtazama shemejiye. Bi Shekuwe alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Kanyamaza," Ami Zein alisema. "Miaka yote hii namlea, leo ndiyo mara ya kwanza. Basi karidhia."